Kona kwa kona ya kiwanja cha 50 kwa 100

Swali

Mwalimu, salaam nyingi. Mimi ni fundi ujenzi hapa Busia, upande wa Uganda. Dada yangu mdogo yuko Senior Three na hisabati inamtoa jasho. Jioni nikirudi kazini mimi ndiye ninayekaa naye mezani. Wiki iliyopita alikuja na daftari limejaa wino mwekundu. Aliandika kwamba √5 ni namba wiani kwa sababu kalkuleta imempa 2.236067977, namba yenye mwisho, akakosa. Aliandika kwamba 22/7 si namba wiani kwa kuwa ndiyo pai, akakosa. Aliambiwa arahisishe √72 − √8, akaandika √64, yaani 8, akakosa. Na kwa 6/(3 − √3) aliandika 4.73, mwalimu wake akaweka alama ya kuuliza. Swali langu mimi ni hili. Nikipima kiwanja cha futi 50 kwa 100 kona kwa kona, kuona kama pembe zimekaa sawa, tepu inanisomea futi 111 na inchi 9⅝. Hiyo ni namba, naiona kwa macho yangu. Wanasemaje kuwa haiandikiki? Na kama 1/3 yenyewe ni 0.333 mpaka kesho, kwa nini hiyo wanaiita wiani?

Jibu

Fundi, salaam zimefika. Nianze na tepu yako, maana humo ndimo fundo lilimo. Daftari la binti nitalifikia.

Kiwanja cha 50 kwa 100 kila anayenunua ardhi Uganda anakifahamu. Kanuni ya Pythagoras inasema hivi: urefu wa kona kwa kona ukizidishwa kwa wenyewe lazima utoe 50 × 50 ukijumlisha na 100 × 100, yaani 2,500 na 10,000, jumla 12,500. Kwa hiyo kazi uliyoipa tepu ilikuwa kutafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata 12,500. Tepu ikakujibu futi 111 na inchi 9⅝. Inchi hizo ni 77/96 ya futi, basi jibu lote ni 10,733/96. Hiyo ni sehemu safi: namba nzima juu, namba nzima chini. Izidishe kwa yenyewe uone. Inatoka 12,499.7 na kidogo. Siyo 12,500.

Utasema ni macho, au tepu imelegea kidogo katikati. Basi chukua tepu nzuri kuliko hiyo, yenye alama za nusu milimita, au kifaa cha mwanga kama cha wapima ardhi. Utasogea karibu zaidi, lakini hutafika. Hakuna sehemu yoyote, hata namba ya juu na ya chini ziwe na tarakimu elfu moja kila moja, ambayo ikizidishwa kwa yenyewe itatoa 12,500 kamili. Umbali wenyewe upo, unautembea kwa miguu. Namba yake ipo pia, na inaandikika vizuri: ni √12,500, ambayo kwa ufupi ni 50√5. Kisichowezekana ni kuiandika kama namba nzima juu ya namba nzima. Wanaposema namba fulani si wiani, hawana maana nyingine zaidi ya hiyo.

Na hapa Kiswahili kimetusaidia. Kwa Kiingereza, jina la namba hizi, rational, linafanana na neno la mtu mwenye akili timamu, na nimeona wanafunzi wengi wakidhani √5 ni namba yenye kasoro, namba iliyopotoka. Sisi tunasema wiani, na ndani ya neno hilo unasikia uwiano. Namba wiani ni namba inayotokana na uwiano wa namba nzima mbili: 3 kwa 4, 22 kwa 7, 10,733 kwa 96. Namba 7 imo, kwa sababu ni 7/1. Sifuri imo. −3 imo. 0.25 imo, ni 1/4. √5 haimo, basi. Haina kasoro yoyote.

Sasa kalkuleta. Mwambie binti aandike upya 2.236067977 kwa vidole vyake, asitumie kitufe cha kipeuo (√), kisha aizidishe kwa yenyewe. Kwenye kalkuleta ya tarakimu kumi itatoka 4.999999998. Kalkuleta haikudanganya, ilijaza kioo chake ikaishia hapo, kama mtu anayejaza fomu yenye visanduku kumi. Lakini mimi sipendi kumwachia mwanafunzi hapo, kwa sababu anaweza kujibu: labda inakoma baada ya tarakimu ishirini, au mia. Kwa hilo kuna hoja fupi ambayo hata mtoto wa Primary anaishika.

Chukua desimali yoyote inayokoma. Tarakimu yake ya mwisho si sifuri, kwa sababu sifuri za mwishoni tunazifuta. Ni moja kati ya 1 hadi 9. Ukiizidisha namba hiyo kwa yenyewe, tarakimu ya mwisho ya jibu inatokana na hiyo ya mwisho ikizidishwa kwa yenyewe. Jaribu zote tisa: 1 inatoa 1, 2 inatoa 4, 3 inatoa 9, 4 inatoa 16 yenye 6 mwishoni, 5 inatoa 25 yenye 5, 6 inatoa 36 yenye 6, 7 inatoa 49 yenye 9, 8 inatoa 64 yenye 4, na 9 inatoa 81 yenye 1. Sifuri haikutokea hata mara moja. Maana yake mkia wa desimali haufutiki kamwe: desimali inayokoma ikizidishwa kwa yenyewe hutoa desimali nyingine yenye mkia mrefu zaidi, na haiwezi kutoa 5 kamili, wala 2, wala 12,500. Kwa hiyo 2.236067977 haiwezi kuwa √5, na hata ukiongeza tarakimu milioni bado haitakuwa.

Hapo ndipo swali lako la 1/3 linapoingia, na ni swali zuri kwa sababu linagusa kosa ambalo hata vitabu vya mazoezi hulilea. Watoto hukariri kwamba namba isiyo wiani ni ile isiyo na mwisho. Sivyo. Kutokoma peke yake hakutoshi. Chukua 1/7 ugawanye kwa mkono, kama tulivyofundishwa zamani. 10 kwa 7 ni 1, baki 3. 30 kwa 7 ni 4, baki 2. 20 ni 2, baki 6. 60 ni 8, baki 4. 40 ni 5, baki 5. 50 ni 7, baki 1. Na baki 1 ndipo tulipoanzia. Kuanzia hapo kila kitu kinarudi vilevile: 0.142857142857 bila kikomo.

Ilikuwa lazima irudi. Ukigawanya kwa 7, baki haiwezi kuwa 7 au zaidi. Ikiwa sifuri, umemaliza. Isipokuwa sifuri, ni moja kati ya 1, 2, 3, 4, 5 na 6, hakuna nyingine. Ni kama takisi yenye viti 14: abiria wa 15 akipanda, atabanana na mtu kwenye kiti chake, upende usipende. Hapa viti ni sita, basi kufikia hatua ya saba baki moja lazima ijirudie, na ikijirudia, mgawanyo wote unapita njia ileile tena. Hivyo ndivyo ilivyo kwa sehemu yoyote. Ukigawanya kwa 96, viti ni 95. Mzunguko unaweza kuwa mrefu au mfupi, lakini upo, isipokuwa desimali ikome yenyewe.

Na kinyume chake ni kweli: ukipewa desimali inayojirudia, unaweza kuirudisha kuwa sehemu. Binti atakuwa amefanya hili. Ikiwa namba ni 0.272727…, mara mia yake ni 27.272727…, toa moja kwa nyingine, mikia inafutana, inabaki mara 99 ya namba hiyo ni 27. Basi namba ni 27/99, ambayo ni 3/11. Ndiyo maana 0.333… ni wiani bila ubishi: ni 1 kwa 3, uwiano uko mikononi mwako. Desimali yake haikomi kwa sababu tu sisi tunahesabu kwa makumi na 3 haiingii katika 10. Tungehesabu kwa besi ya tatu, ile aliyoisoma Senior One, 1/3 ingeandikwa 0.1 ikaishia hapo. Besi inabadilisha sura ya namba, uwiano haubadiliki. √5 haikomi wala kujirudia katika besi yoyote.

Miaka mingi iliyopita, katika darasa moja nililofundisha, nilisema maneno hayohayo ubaoni: √2 haikomi wala haijirudii. Msichana aliyekaa nyuma akanyoosha mkono akauliza, “Mwalimu, nani amefika mwisho akaona kwamba hakuna mwisho?” Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu lile ndilo swali lenyewe. Ukiangalia tarakimu tu huwezi kujua kamwe. Ungeona milioni moja bila mzunguko, labda mzunguko unaanza baada ya hapo. Anayesema “haijirudii” lazima awe na njia ya kujua bila kwenda. Njia hiyo ipo, na inatokana na kuvunja namba kuwa namba tasa.

Namba tasa ni zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Kila namba nzima zaidi ya 1 inavunjika kuwa namba tasa kwa namna moja tu. 60 ni 2 × 2 × 3 × 5, na hakuna atakayeivunja akapata tasa nyingine. Sasa zidisha 60 kwa yenyewe: unapata 3,600, na ndani yake kila tasa imejirudia mara mbili ya idadi ya mwanzo. 2 zilikuwa mbili, sasa ni nne. 3 ilikuwa moja, sasa ni mbili. 5 ilikuwa moja, sasa ni mbili. Idadi zote zimekuwa shufwa, yaani zinagawanyika kwa 2 bila baki. Hili ni kweli kwa namba yoyote iliyozidishwa kwa yenyewe, kwa sababu umechukua vipande vyake ukaviweka mara mbili.

Tuseme basi, kwa ajili ya hoja, kwamba √5 ni sehemu fulani, juu p na chini q. Ukizidisha kwa yenyewe, p × p juu ya q × q ni 5, yaani p × p = 5 × q × q. Hesabu zile 5 zilizomo kila upande. Kushoto, p × p, idadi ya 5 ni shufwa. Kulia, q × q ina 5 idadi shufwa, halafu kuna ile 5 moja iliyokaa mbele, kwa hiyo idadi inakuwa witiri, yaani haigawanyiki kwa 2. Pande mbili ni namba moja ileile, na namba moja haiwezi kuvunjika kwa namna mbili. Basi p na q hizo hazipo. Hatukuangalia hata tarakimu moja ya desimali, na tumezifunga sehemu zote zilizopo duniani kwa mara moja. Tangu nilipoielewa hoja hii nikiwa mwanafunzi, sijaichoka.

Ukitaka kuonja utamu wake, wape watoto wakimbize √5 kwa sehemu. 9/4: juu kwa yenyewe ni 81, na tano mara 16 ni 80. Imepita kwa moja. 38/17: juu ni 1,444, na tano mara 289 ni 1,445. Imepungua kwa moja. 161/72: juu ni 25,921, na tano mara 5,184 ni 25,920. Imepita kwa moja tena. Unaweza kuendelea hivyo mpaka taa izimike, na ile moja haiondoki, kwa sababu kuiondoa kungetaka shufwa iwe witiri.

Hoja hiyohiyo inampa binti kipimo cha kutumia kwenye mtihani bila kubahatisha. Vunja namba iliyo ndani ya kipeuo kuwa tasa. Kila tasa ikitokea mara shufwa, kipeuo kinatoka namba nzima: √49 ni 7, √144 ni 12, na hizo ni namba wiani hata kama zimevaa alama ya kipeuo. Tasa hata moja ikitokea mara witiri, si wiani. 12,500 ni 2 × 2 × 5 × 5 × 5 × 5 × 5. Zile 5 ni tano, witiri. Hapo ndipo tepu yako iliposhindwa.

Vipeuo vya aina hii, vya namba wiani lakini vyenyewe visivyo wiani, ndivyo shuleni wanaviita sadi. Jina limetoka mbali. Wagiriki waliziita namba zisizosemeka. Wanahisabati walioandika kwa Kiarabu wakatumia neno asamm, yaani kiziwi, na katika karne ya 12 Gherardo wa Cremona, alipokuwa akitafsiri vitabu vya Kiarabu kwa Kilatini, akaandika surdus, ambalo nalo ni kiziwi. Kwa hiyo binti anapoandika sadi, anaandika namba kiziwi: unaiita kwa uwiano, haiitiki.

Na usidhani Wagiriki ndio walioanza. Katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kuna kibao kidogo cha udongo kutoka Babiloni, cha kati ya mwaka 1800 na 1600 kabla ya Kristo. Wataalamu wanakiita YBC 7289. Kimechorwa mraba na mistari miwili ya kona kwa kona. Upande umeandikwa 30, na kwenye mstari kuna tarakimu za besi ya sitini ambazo kwa desimali zetu ni 1.41421296. √2 yenyewe huanza 1.41421356. Yule aliyeandika alikuwa na kazi kama yako, upande anaujua na anataka kona kwa kona, na alifika karibu kiasi kwamba kwenye kiwanja cha futi 100 kwa 100 angekosea kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya inchi.

Haya, daftari.

22/7 ni namba wiani; hata huhitaji kufikiri, ni namba nzima juu ya namba nzima. Kosa la binti ni la kuamini kwamba 22/7 ndiyo pai, na simlaumu, maana tangu Primary karatasi inamwambia “tumia π = 22/7”. Maneno hayo yana maana ya “kadiria kwa”. 22/7 ni 3.142857…, na pai ni 3.14159…, zinaachana kwenye tarakimu ya tatu baada ya nukta. Archimedes, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, alionyesha kwamba pai ni kubwa kuliko 223/71 na ndogo kuliko 22/7, kwa hiyo yeye mwenyewe alijua si sawa. Kwamba pai si namba wiani kabisa lilithibitishwa na Johann Lambert mwaka 1761. Na pai si sadi, kwa sababu haitokani na kipeuo cha namba wiani yoyote. Hilo lilitimia mwaka 1882 kwa kazi ya Ferdinand von Lindemann. Basi sadi zote si wiani, lakini si kila namba isiyo wiani ni sadi. Walimu hupenda kuuliza hapo.

√72 − √8. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote, na linatokana na tamaa ya kuona alama ya kipeuo kama mfuko unaoweza kutia na kutoa humo ndani. Kwa kuzidisha, mfuko unakubali: √2 × √8 ni √16, yaani 4. Kwa kujumlisha na kutoa, haukubali. Mwambie ajaribu kwa namba anazozijua: √9 + √16 ni 3 + 4, yaani 7, √25 ni 5. Hazilingani, imekwisha.

Njia yenyewe ni ile ya tasa. 72 ni 2 × 2 × 2 × 3 × 3. Kila jozi inatoka nje ya kipeuo ikiwa moja: jozi ya 2 inatoa 2, jozi ya 3 inatoa 3, inabaki 2 moja ndani. Nje ni 6, kwa hiyo √72 = 6√2. 8 ni 2 × 2 × 2, inatoka 2√2. Sasa 6√2 − 2√2 ni 4√2, kama vile mikungu sita ya matoke ukitoa mikungu miwili inabaki minne. Ingekuwa 6√2 − 2√3, angeacha hivyohivyo. Mikungu na madebe ya mahindi havitoani. Na 4√2 ni kama 5.66, mbali kabisa na 8 yake. Kwa kipeuo cha tatu hatutafuti jozi, tunatafuta tatutatu: ∛8 ni 2, ∛2 ni sadi.

6/(3 − √3). Hapa binti hakukosea hesabu, 4.73 ni makadirio sahihi. Alikosa kwa sababu aliulizwa thamani kamili, na 4.73 si kamili. Kuondoa sadi chini ya mstari kulikuwa na maana sana kabla ya kalkuleta. Fikiria mtu ana kitabu cha majedwali tu, anataka 1/√2. Kugawanya 1 kwa 1.414214 kwa mkono ni mateso. Lakini 1/√2 ni sawa na √2/2, na kugawanya 1.414214 kwa 2 anafanya kichwani: 0.707107. Leo kalkuleta inafanya yote mawili sawa, ila faida nyingine imebaki: majibu mawili yanayoonekana tofauti ukiyaweka katika sura moja unaona kama ni namba ileile.

Ili kuondoa 3 − √3 chini, tunazidisha juu na chini kwa mwenzake, 3 + √3. Chini inakuwa (3 − √3)(3 + √3) = 9 − 3 = 6; vile vipande vya katikati, 3√3 na −3√3, vinafutana. Juu ni 6(3 + √3). Sita kwa sita zinakatana na jibu ni 3 + √3. Hapo mwalimu ataweka vema. Sadi mbili zimekutana zikazaa namba nzima. Binti akiuliza kwa nini mwenzake ana alama ya kinyume, mwonyeshe kwa kuzidisha (3 − √3) kwa yenyewe: inatoka 12 − 6√3, na kipeuo bado kiko palepale.

Kwako wewe kazini, sadi ina faida moja ninayotaka uijaribu. Kiwanja cha futi 100 kwa 100, kona kwa kona ni 100√2. Ukitumia 1.4 utapima futi 140, na utakosa kwa futi moja na inchi tano. Ukitumia 1.41 utakosa kwa inchi tano. Ukitumia 1.414 utakosa kwa robo inchi. Kila tarakimu uliyoikata mapema inazidishwa na ukubwa wa kazi. Kwa hiyo beba √2 ikiwa √2 mpaka hatua ya mwisho, ndipo ugeuze kuwa futi na inchi. Hata karatasi ya A4 mezani kwa binti imekatwa hivyo: urefu wake kwa upana umefuatishwa √2 ili ukiikunja katikati upate karatasi yenye umbo lilelile, na kwa kuwa kiwanda hakiwezi kukata √2 kamili, wamekata milimita 297 kwa 210, yaani 99/70. Zidisha 99 kwa yenyewe, 9,801. Mara mbili ya 70 × 70 ni 9,800. Ile moja imebaki palepale.

Na ile 3, 4, 5 mnayotumia kunyoosha pembe ya msingi ni kinyume cha haya yote: 9 na 16 ni 25, kipeuo kinatoka 5 kamili, na kamba inafungwa kwenye alama bila kukadiria.

Jioni ya leo mpe binti hii, kalkuleta ikae chini ya mto: 4/(√5 − 1). Azidishe juu na chini kwa √5 + 1. Chini itakuwa 5 − 1, yaani 4, ikatane na ile ya juu, ibaki √5 + 1. Akimaliza ndipo atoe kalkuleta, aingize zote mbili, aone 3.236067977 ikitokea mara mbili.